Chipukizi wa Orioles: bado kuna kitu shambani au ndo tushavuna?

Zamu_ya_Usiku_Nungwi:
Asalam alaykum wenzangu. Najua humu wengi ni watu wa mpira lakini wapo wachache mnaofatilia beisiboli ya Marekani, swali langu ni kwenu nyie. Mie nafanya kazi ya mapokezi hotelini huku Nungwi, zamu ya usiku, miaka minne nyuma mgeni mmoja wa Baltimore alinielezea mchezo wote kwa vijiko na vikopo vya chumvi juu ya kaunta, asubuhi yake akaniachia kofia ya Orioles na mie tokea siku hiyo sijatoka. Mechi zao za jioni kwetu zinaanza baada ya saa saba usiku, wageni washalala, naangalia kwenye simu.

Kinachoniuma ni hichi. 2021 tulipoteza mechi 110, tukaambiwa subirini, timu za chini zimejaa vijana. Kweli Rutschman akapandishwa 2022, Henderson 2023 akachukua tuzo ya chipukizi bora wa American League, tukashinda mechi 101, kwenye mtoano Rangers wakatutoa mechi tatu bila. 2024 Royals wakatutoa mechi mbili na katika mechi zote mbili tumepata rani moja tu, yani pointi moja!! 2025 ushindi 75, tumeshika mkia kundini. Na bado naambiwa vijana wanakuja. Nyie mnawapimaje hawa vijana wa ligi ndogo, mtu ajue huyu ni wa kweli na huyu ni jina tu?

Karafuu_Wete:
Waalaykum salaam yakhe. Mie wa Pemba nimekulia kwenye mikarafuu nakujibu kwa nnachokijua. Mche ukiupanda leo unangoja miaka sita saba ndo uuchume, na kwenye miche mia ya kitaluni hutegemei yote ishike, mwengine jua, mwengine mchwa. Ile orodha ya chipukizi bora inayotoka kila mwaka ni hesabu ya kitaluni. Orioles waliwekwa namba moja wakati ule na hawakusifiwa bure, wapigaji kweli walikuwepo.

Ila tazama walipanda nini. Mike Elias alikuja kusimamia usajili mwisho wa 2018, na kutoka drafti ya 2019 (timu zinachagua vijana wapya kwa zamu) mpaka ya 2024 chaguo lake la kwanza kila mwaka ni mpigaji. Rutschman, Kjerstad, Cowser, Holliday, Bradfield, Honeycutt. Miaka sita hakuna mrushaji hata mmoja pale juu! Naelewa hofu yake mana mkono wa mrushaji kijana ni kitu cha kuharibika wakati wowote, Bradish kafanyiwa upasuaji wa kiwiko 2024, Grayson Rodriguez 2025 nzima hakurusha hata mpira mmoja ligi kuu. Lakini usipolea warushaji wako utawanunua. Mrushaji Burnes tulimchukua kwa kuwatoa vijana wetu Ortiz na Hall na chaguo la drafti juu yake, katuchezea msimu mmoja kenda zake Arizona. Kwa hiyo mie nikifungua majina ya Norfolk, timu yao ya ligi ndogo, naanza na warushaji, wapigaji baadae.

Mwalimu_wa_Netiboli:
Kaka wa Nungwi, mie nakwambia tazama umri kwanza. Si unajua mashindano yetu ya watoto, timu inaleta vijeba, lijitu lina ndevu linafunga magoli sita na kila mtu anapiga makofi, mwaka wa pili hulioni tena. Norfolk ni ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu, wamo wanaume wa miaka 27, 28 washazunguka timu nne, takwimu zao nzuri lakini wanacheza na watoto. Ukimuona wa miaka 20 anakaa sawa nao basi huyo mshike.

Mtazame Jackson Holliday. Alipandishwa April 2024 ana miaka 20, mara 34 za kupiga kapata hiti mbili, straikiauti 18 (kutolewa kwa kukosa mipira mitatu), baada ya mechi kumi karudishwa Norfolk. Nikasoma watu wanaandika ameshindwa, wallahi niliumia mana ni mtoto yule. Tarehe 31 Julai karudi, siku hiyo hiyo wenzake wamejaa kwenye vituo vyote vitatu vya kukimbilia (beisi), kapiga homrani, mpira ukatoka nje ya uwanja, rani nne kwa mpira mmoja. 2025 homrani 17 na ana miaka 21. Kwenye ligi ndogo mie wastani wa kupiga naupita haraka, mpira unaweza kuangukia pahala pa bahati wiki tatu mfululizo, lakini anaeacha mipira mibaya ipite na straikiauti zake zinapungua kila anapopanda ngazi, huyo ana macho, na macho hayaji kwa bahati.

Mtoto_wa_Kikwajuni:
Mnasahau kitu kimoja, chipukizi ni sarafu pia. Julai 2024 waliwatoa Kyle Stowers na Connor Norby kwenda Miami wakamchukua Trevor Rogers, mrushaji. Mwanzo alirusha vibaya mpaka karudishwa Norfolk, watu wakalia. 2025 Stowers kachaguliwa All-Star, mechi ya mastaa wa ligi, akiwa Miami, vilio vikazidi, lakini Rogers huyo huyo kamaliza na ERA ya 1.81 (wastani wa rani anazofungwa mrushaji kwa mechi nzima, ikiwa ndogo ndo nzuri). Nyote wawili juu hapo mmesahau kumtaja! Wenzetu wakimtoa kijana wanapata mtu anaecheza kesho yake. Huku kwetu tunalea, Bara wanachukua, Feisal katoka JKU kenda Yanga 2018 na JKU ikabaki kutafuta mwengine.

Zamu_ya_Usiku_Nungwi:
Ahsanteni sana, la vijeba limeniingia mana mie nilikuwa nababaishwa na homrani tu. Sasa Basallo jee? Mdominikana, kapandishwa August 2025 ana miaka 21, wiki ile ile wakamsainisha miaka minane dola milioni 67. Mdakaji, yule anaechuchumaa nyuma ya mpigaji. Na Rutschman mdakaji. Wote wawili watakaa wapi?

Karafuu_Wete:
Wagawane, huyu adake leo, mwenzake apige tu, kesho wabadilishane. Magoti ya mdakaji yanachoka ami. Halafu hisabu miaka, Rutschman mkataba hajaongezewa, tunae mpaka mwisho wa 2027. Basallo mpaka 2033.