Mada: Soko la majini kwa basi la abiria, nani kashakwenda?

Mwanafunzi, Salaya

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Binamu yangu anatua Ijumaa kutoka Mombasa, shanta moja mgongoni na hamu ya kuliona lile soko la mitumbwi la Damnoen Saduak, hapa Thailand, analolitazama kwenye simu kila siku. Nimeulizia ziara ya kulipia, wanataka zaidi ya baht 1,000 kwa kichwa. Mimi na ada zangu hizi, hiyo ni hela ya kula wiki nzima. Kuna aliyekwenda kwa basi la watu wa kawaida? Na chakula je? Sisi wote wawili hatuli nguruwe, na hapa chuoni nimeshaponzwa na supu mara moja.

Mama Pacha, Nonthaburi

Marahaba mwanangu. Nina miaka 11 nchi hii na Damnoen Saduak nimepeleka wageni hadi nimechoka. Usafiri upo. Nenda Sai Tai Mai, stendi kuu ya kusini ya Bangkok, iliyoko Taling Chan. Kwa wewe unayetoka Salaya iko njiani, hata mjini kati hufiki. Uliza njia namba 78. Zamani lilikuwa basi kubwa, siku hizi mara nyingi utapewa rot tu, maana yake gari-kabati, na ukishabanwa mle ndani utajua jina limetoka wapi. Mara ya mwisho nililipa chini ya baht 100. Ni kilomita kama 100, weka saa mbili. Shanta la mgeni likiwa kubwa litakula kiti. Dereva akidai nauli ya shanta, lipa usigombane, wenyewe Wathai hulipa.

Sasa hapa tega sikio, maana ndipo watu wanapoliwa. Mara yangu ya kwanza gari lilisimama kando ya barabara, dereva akageuka akasema soko ndilo hili. Tukashuka watu wanne. Soko gani? Ni gati, viti vya plastiki, na dada mmoja mwenye kikokotoo. Akabonyeza 3,000, akanigeuzia kioo nisome: boti, saa moja. Nikatikisa kichwa. Akafuta, akaandika 2,000. Nikamwambia tutakwenda kwa miguu, akasema mbali sana, jua kali, mama utaanguka. Tulitembea dakika kama ishirini kando ya mfereji, tena kivulini, tukalikuta soko na hakuna aliyetuuliza kiingilio. Kwa hiyo dereva akisimama mahali usipoona maduka wala watu, kaa ulipo. Sema "talat nam", soko la maji, mpaka akufikishe mjini. Boti utaipanda ukishafika sokoni, ukitaka, na hapo bei mnajadiliana.

Jingine ni saa. Mabasi ya watalii yakishamwaga watu, saa tatu unusu kwenda mbele, mfereji unaziba na moshi wa injini unakaba koo. Ukitoka Salaya alfajiri huwezi kuwatangulia kwa raha. Lala kulekule usiku mmoja, vyumba vya bei nafuu vipo, na saa moja asubuhi uwe umesimama ukingoni.

Na kama binamu atalala kwako kabla ya safari, mkumbushe mwenye nyumba aripoti uhamiaji ndani ya saa 24, fomu TM30. Hotelini wanafanya wenyewe, majumbani watu husahau. Ile kadi ya kuingia ya mtandaoni, iliyoanza Mei 1, 2025, ni bure, ajaze ndani ya siku tatu kabla ya kutua. Tovuti inayomwomba hela si yenyewe. Cheti cha homa ya manjano asikiache Mombasa, Mkenya anaulizwa.

Mwalimu, Nakhon Pathom

Mama Pacha kasema yote, lakini mimi naona mnampeleka kijana kwenye maonyesho. Huo mfereji ulichimbwa kwa amri ya Mfalme Mongkut, ukakamilika 1868, kilomita 32 kuunganisha mto Tha Chin na Mae Klong. Jina lenyewe ni kama kusema "mwendo mwepesi". Barabara zilipofika, mkulima akapakia mazao yake kwenye pikapu, kwa nini apige kasia? Waliobaki majini wanauzia wageni, na nusu ya vitu ni sumaku za friji.

Mimi ningeenda Amphawa, kule Samut Songkhram. Ijumaa hadi Jumapili, kuanzia alasiri, na wateja wengi ni Wathai wenyewe, kwa hiyo bei ni za Wathai. Ukiwa hapo uko jirani na Maeklong, lile soko ambalo treni hupita katikati ya mafungu ya mboga, mara nne ikiingia na mara nne ikitoka kwa siku. Wauzaji wanakunja miavuli, treni inapita juu ya nyanya, wanaikunjua tena. Kutoka Damnoen Saduak hadi Maeklong panda songthaew. Neno hilo maana yake safu mbili, ni pikapu yenye mabenchi mawili ya kutazamana. Wabongo wa umri wa Mama Pacha wanazikumbuka chai maharage za Dar, ndizo hizo.

Mama Pacha, Nonthaburi

Mwalimu, umri wangu uuache nyumbani kwake. Lakini Amphawa ni wazo zuri, wafanye zote mbili. Ila waulizie saa ya gari la mwisho la kurudi, na wasikilize vizuri jibu. Mthai saa za usiku anahesabu kama sisi: saa moja usiku ni nueng thum, yaani moja, saa mbili ni song thum, mpaka tano. Asubuhi na mchana wana mambo yao mengine, huko usijaribu kufananisha.

Ustadh, Min Buri

Suala la chakula. Tambi za mtumbwini, kuaitiao ruea, ziacheni. Mchuzi wake mzito ule mara nyingi hutiwa damu, ya nguruwe au ya ng'ombe, hata kama nyama uliyoagiza ni kuku. Matunda, embe na wali wa kunata, aiskrimu ya nazi, hivyo kuleni. Mkiona bango la kijani lenye mwezi na nyota, kaeni mshibe. "Mai sai mu", usitie nguruwe, semeni mapema, kabla kijiko hakijaingia sufuriani.

Mwanafunzi, Salaya

Wakubwa, tumerudi salama jana usiku, natoa ripoti.

Gati tulilikuta kama lilivyoandikwa. Dereva akasimama, wazungu watatu wakashuka, sisi tukabaki tumeng'ang'ania viti. Nikasema talat nam, akaniambia ndiyo hapa, nikasema talat nam tena, akacheka akaondoa gari. Tukashuka mjini darajani, tukapata chumba chenye feni.

Asubuhi saa moja kasoro soko lilikuwa bado linapiga miayo. Mama wa makamo, kofia ya majani kichwani, kakaa katikati ya mtumbwi na jiko la makaa mbele ya magoti, juu yake chuma cheusi chenye vishimo. Akamimina uji mweupe wa unga wa mchele na tui, akafunika, akasubiri. Kisha akaanza kuzing'oa kwa kijiko, moja moja, akazifunika mbili mbili zikawa kama vikombe vilivyobusiana. Binamu akapaza sauti: "We! Si vitumbua hivi?" Yule mama akadhani tunataka kuagiza, akatusogezea ungo kwa fimbo. Vinaitwa khanom krok. Ndani ni laini kama uji, na juu wengine hunyunyiza majani ya vitunguu, jambo ambalo binamu hajalisamehe hadi leo. Kala kumi na mbili huku akiuliza iliki iko wapi.

Mwalimu, sumaku za friji zipo, sikatai. Lakini kulikuwa na balungi na shokishoki zimerundikwa kwenye mitumbwi, na nyumba moja kando ya mfereji tuliona wanachemsha sukari ya mnazi. Wanagema kama wagema wetu wa Pwani, ila tembo haliachwi lichachuke, linapikwa siku ileile kwenye makarai hadi ligande. Binamu alimtazama mpishi muda mrefu, akasema babu yake angelia.

Saa tatu unusu tukaondoka, mabasi ya watalii yanaingia. Songthaew ya Maeklong, treni tukaiona, nikakanyagwa na mtu anayepiga picha. Jioni Amphawa. Pale stendi nikauliza gari la mwisho la Bangkok. Msichana wa tiketi akasema "song thum" na kunyanyua vidole viwili. Kijana na mwenzake, nadhani Wajerumani, waliokuwa nyuma yetu wakaruka: saa nane mchana ilishapita, tumeachwa! Nikawaambia hapana, saa mbili usiku. Wakanitazama kama mganga.

Tukapata muda wa kupanda boti kutazama vimetameta, giza lilipoingia. Wanakaa kwenye miti ya lamphu, ndugu kabisa wa mlilana wa mikoko yetu, wanawaka na kuzima pamoja. Tukarudi stendi dakika tano kabla. Shanta lililipiwa kiti, baht 70. Mama Pacha, sikugombana.