Niko Bruxelles, akaunti yangu ni ya Lubumbashi: nitamnunuliaje baba nyimbo zake?

Binti_wa_Katuba

Jambo wote. Naomba ushauri, tena mapema, maana tarehe 20 narudi nyumbani.

Baba alikuwa na kanda moja ya magita ya zamani ya Katanga, ya akina Mwenda Jean Bosco na Édouard Masengo. Anaisikiliza tangu mimi sijazaliwa. Mwaka jana utepe ulikatika. Akaifungua mwenyewe kwa bisibisi ndogo ya saa, akaunga kwa selotepu, akaurudisha utepe kwa kuzungusha kalamu ya risasi. Ikalia siku mbili, halafu redio ikaumeza wote. Tangu hapo jioni anakaa barazani kimya, na mama amenipigia mara mbili kunieleza jambo hilo hilo.

Nimekuja huku kwa mafunzo ya miezi mitatu, nakaa kwa shangazi. Nyimbo zile nimezikuta kwenye simu yake, katika duka moja kubwa la muziki mtandaoni, albamu nzima euro 9.99. Nikafungua simu yangu, duka lile lile, wifi ile ile, tumekaa kiti kimoja: “Haipatikani katika nchi yako.” Nikaenda supamaketi nikanunua kadi ya zawadi ya euro 25. Nimekwangua, nimeingiza namba, imekataliwa: ni ya akaunti za Ubelgiji tu. Supamaketi wanasema kadi iliyokwanguliwa hairudishwi.

Je, nibadilishe nchi ya akaunti? Nitumie VPN? Na ile pesa ndiyo imekwenda?

Fundi_Kamalondo

Pole sana dada. Pesa haijapotea. Namba imekataliwa, haijatumika. Mpe shangazi aiingize kwenye akaunti yake, yeye akupe euro 25 mkononi. Fanya hivyo leo.

Duka haliangalii unalala wapi. Linaangalia nchi uliyoandika ulipofungua akaunti, na benki iliyotoa kadi yako ya Visa. Kwa hesabu zake wewe bado uko Lubumbashi. Ndiyo maana VPN haikusaidii hapa: kazi yake ni kukufanya uonekane uko Ubelgiji, na wewe tayari uko Ubelgiji. Zaidi ya hapo, maduka mengi yanaikataza katika masharti yao, akaunti inaweza kufungwa.

Yaya_Ruashi

Mdogo wangu, kubadilisha nchi usikimbilie. Nilifanya hivyo nilipohamia Ndola, Zambia, kikazi, na nyimbo kadhaa nilizokuwa nimelipia sikuweza kuzipakua tena, kwa sababu katika nchi mpya hazikuwa zinauzwa. Nililia. Ukilazimika kuhama, kwanza pakua kila kitu ulichonunua, kiweke kwenye kompyuta. Pia kwa Apple huwezi kuhama kabla salio halijaisha na usajili unaolipia haujakoma, halafu unatakiwa kuwa na njia ya kulipa ya nchi mpya. Kazi yote hiyo kwa mtu anayerudi tarehe 20?

Ngoma_ya_Shaba

Kwa nini ununue? Spotify, ile huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, iko Kongo tangu 2021. Lipia mwezi, baba asikilize.

Fundi_Kamalondo

Ndugu, huko ni kukodi. Hata nyimbo ulizohifadhi kusikiliza bila mtandao, lazima simu iingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30. Mzee atanunua mega za intaneti kila mwezi ili asikilize kanda yake? Na kwa dada mwenyewe, akaunti ya bure nje ya nchi yake inafanya kazi siku 14 tu.

Mpenda_Magita

Niseme kuhusu chanzo, maana wengi wanafikiri ni Wakongo peke yetu tunaofungiwa. Mwenye rekodi hutoa haki ya kuuza nchi kwa nchi. Lebo (kampuni ya muziki) moja ina haki ya Ulaya, nyingine ina ya Afrika Kusini, na pale ambapo hakuna aliyesaini, duka linazima kitufe. Hata Wazungu wenyewe yanawakuta: sheria ya Umoja wa Ulaya ya kuzuia ubaguzi wa wanunuzi kwa nchi, iliyoanza kutumika Desemba 2018, haikuyalazimisha maduka kumuuzia mtu wa nchi jirani muziki wa kupakua.

Kinachoniuma ni hiki. Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi yetu ya leo. Gita limepigwa hapo tu, safari ya saa chache kwa gari, na leo mtoto wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, anaambiwa halipatikani nchini kwake.

Dada, jaribu mlango mwingine. Lebo ndogo zinazotoa upya muziki wa zamani mara nyingi zinauza zenyewe, wengi wao kupitia Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Hapo unalipa, unapakua faili, inakuwa yako. Au nunua CD. DVD ndizo zinazofungwa kwa maeneo ya dunia, Ulaya ni eneo namba 2, kwetu namba 5; CD ya muziki haina kizuizi hicho, inalia popote.

Binti_wa_Katuba

Aksanti sana, wote. Shangazi ameingiza kadi, imekubali, amenipa pesa.

Lebo nimeipata na wanauza wenyewe. Kikwazo kikawa kimoja: benki ilituma namba ya kuthibitisha kwenye laini yangu ya Kongo, na laini hiyo niliiacha Katuba, kwenye simu ya mdogo wangu. Mara ya kwanza alikuwa kisimani, muda ukaisha. Mara ya pili nilimweka kwenye WhatsApp, akanisomea tarakimu sita moja moja huku mimi naandika. Imepita! Ningejua, ningekuja na laini.

Sasa wananiuliza nipakue aina gani ya faili, FLAC au MP3. Baba ana bafle (spika) ndogo ya kuchomeka flashi.

Fundi_Kamalondo

Pakua zote mbili. FLAC ni faili kubwa lisilopunguza ubora wa sauti; ibaki kwenye kompyuta, ndiyo akiba. Kwenye flashi weka MP3, bafle nyingi za bei ndogo hazisomi FLAC. Flashi ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32, na majina ya faili yaanze na 01, 02, 03, ili mzee azisikie kwa mpangilio wa kanda yake.

Binti_wa_Katuba

Mpangilio anaujua mama kwa kichwa. Nampigia sasa hivi.