Dyuteriamu mbili zikiungana, heliamu-4 inaenda wapi?

Kiini_Chepesi: Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Dyuteriamu (ile haidrojeni nzito) ina protoni 1 na nyutroni 1, kwahiyo zikiungana mbili unapata protoni 2 na nyutroni 2, si ndo heliamu-4 hiyo? Sasa kila nikisoma naona wameandika mara heliamu-3 (protoni 2, nyutroni 1) na nyutroni, mara tritiamu (protoni 1, nyutroni 2) na protoni. Inakuaje?

MwalimuFizikia: Hesabu yako iko sawa mkuu, kinachokwamisha ni nishati. Viini hivyo vikiungana kinapatikana kiini cha heliamu-4 chenye moto wa ajabu, kina ziada ya kama MeV 23.8 (MeV ni kipimo cha nishati ya viini) na ni lazima kiitoe. Kikitaka kubaki kizima njia yake ni miale ya gama, na hiyo inachelewa mno. Wakati huohuo kung'oa nyutroni au protoni moja kunahitaji kama MeV 20 tu, kwahiyo chembe inachomoka kabla gama haijatoka. Ndo maana matokeo ni karibu nusu kwa nusu, huku heliamu-3 na nyutroni, huku tritiamu na protoni. Heliamu-4 nzima inatokea kweli ila hata mara moja kwenye milioni haifiki. Oliphant, Harteck na Rutherford waliyaona haya Cambridge mwaka 1934, na hapo ndipo tritiamu na heliamu-3 zilipoanza kujulikana.

Plazma_Moto: Naongezea, angalia pia nani anaondoka na nishati maana ndo kitu cha muhimu kwenye mtambo wa kuunganisha viini. Bunduki ikifyatuka risasi inakimbia kuliko bunduki, na hapa chembe nyepesi ndo inabeba fungu kubwa. Dyuteriamu na tritiamu zinatoa MeV 17.6, heliamu-4 inachukua 3.5 tu, nyutroni inachukua 14.1. Heliamu ina chaji so sumaku inaishika na inabaki kupasha plazma (ile gesi ya moto sana ya viini na elektroni), nyutroni haishikiki inaenda kugonga ukuta. Ndo maana wanataka kuuzungushia mtambo litiamu, nyutroni ikiipiga litiamu-6 inatoka heliamu-4 na tritiamu mpya, na tritiamu inahitajika kweli maana nusu yake inaoza kila miaka 12.3 hivyo asili haituwekei akiba ya maana.

Kiini_Chepesi: Asanteni sana, sasa nimeelewa kwanini haikai nzima. Na ile ya protoni na boroni-11 wanayosema haina nyutroni?

MwalimuFizikia: Ile inatoa heliamu-4 tatu na MeV 8.7, zote zina chaji, nzuri sana kwa kweli. Ila inataka joto kubwa mno kuliko dyuteriamu na tritiamu, na pia usiamini kwamba nyutroni hakuna kabisa. Heliamu ikishazaliwa inaweza kugonga boroni-11 nyingine ikatoka naitrojeni-14 na nyutroni. Ni chache, ila zipo, na mtu anayejenga mtambo lazima aziwekee kinga.