Naomba ushauri: mita mpya inayosomwa kwa mbali inanitia mashaka

Ndugu zangu, salaam kutoka Uyole, Mbeya. Mwezi wa tano mafundi walikuja kunibadilishia mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, wakanifungia mpya ambayo walisema inasomwa kwa mbali kupitia mtandao wa simu, na tangu hapo uniti 20 zilizokuwa zikinitosha wiki mbili hazifiki siku tisa. Kodi ya majengo, ambayo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, nimeshaitoa kwenye hesabu, hivyo tusirudi huko. Ninakiri pia kwamba baridi ya Juni huku kwetu si ya mchezo, na hita ya maji ya wati 1,500 hula uniti moja na nusu kwa kila saa inayowaka.

Hata hivyo, Jumamosi usiku nilizima swichi kuu, nikasimama mbele ya mita na tochi kwa dakika kumi, na ile taa nyekundu ya mita, inayopepesa umeme unapotumika, ikaendelea kupepesa polepole, mara nne. Je, waya unaotoka kwenye mita hadi swichi kuu unaweza kuwa unavujisha umeme, au mita yenyewe ndiyo mbovu?

Jirani ananishauri niombe kufungiwa mita ya pili ya kulinganisha kabla sijalalamika. Mwingine anadai kwamba mita hizi hutoa taarifa za lini tumelala na lini hatupo nyumbani, jambo lililomkosesha mke wangu raha kuliko uniti zenyewe. Aliyewahi kupimiwa mita yake alianzia wapi, na alitozwa chochote?