Ukoo wa Kengeleni: gumzo la Jumanne jioni

Neema: Shikamooni nyote. Nimetoka kuomba kitambulisho. Karani kauliza kabila, nikakwama. Kiswahili chote hiki nilicho nacho, kabila sina. Niandike nini?

Mjomba Enoki: Marahaba. Mwambie u wa Frere Town. Basi.

Neema: Nimemwambia Mjomba. Kasema huo ni mtaa.

Kevo: andika Mswahili yaishe

Mamkubwa Rhoda: Kevo, nyamaza kwanza. Waswahili wa hapa Mombasa wana Thenashara Taifa zao, yaani makabila kumi na mawili: Wamvita, Wakilindini, Wachangamwe na wenzao. Sisi tumo wapi hapo?

Mamkubwa Rhoda: Bibi yangu alikuwa Myao. Manowari ya Waingereza ililikamata jahazi la watumwa lililowabeba, akaletwa Kisauni kwa wamisheni, mtoto mdogo. Kijiji chenyewe, hiki Frere Town, wamisheni walikianzisha 1875 kwa watumwa waliokombolewa. Kiyao kilichombakia ni kuhesabu na maneno ya mwisho wa sala. Usiku akituombea ataanza Kiswahili, amalizie Kiyao, nasi twaitika Amina kwa tusichokijua 😄

Salama: Mamkubwa, hii hujawahi kutwambia!

Mamkubwa Rhoda: Hamjauliza. Kwenye kikundi hiki mwauliza mchango wa hema tu.

Mjomba Enoki: Na mumewe alikuwa mtoro wa Rabai, katoroka utumwa mashamba ya Takaungu, akakimbilia misheni ya huko. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,000 walipewa hati za uhuru pale Rabai, mabwana zao wakishalipwa na kampuni ya Waingereza. Ya kwake ililiwa na mchwa.

Kevo: kumbe hata yeye aliambiwa leta karatasi 😂

Mjomba Enoki: Cheka. Ndiyo hivyo.

Salama: Mimi nina langu, msinikasirikie, mwajua niliolewa Kibokoni, kwa Waislamu. Dini yenyewe waliipenda, au walipewa pamoja na shamba?

Mjomba Enoki: Salama!

Mamkubwa Rhoda: Mwache, auliza haki yake. Walipewa, mwanangu. Dini, shamba na jina la Kizungu, siku moja. Bibi hakulificha hilo. Lakini wazungu walikwenda zao, naye akabaki kanisani mpaka kufa, hakuna aliyemshika mkono. Na waliomfundisha hawakuwa wazungu peke yao. Kulikuwa na William Jones, aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, kasomeshwa Nasik huko India. Askofu Hannington akampa ushemasi 1885, wakaongozana safari ya bara. Askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewarudisha watu pwani. Bibi akipenda kisa hicho kuliko cha Musa, Mungu anisamehe.

Salama: Haya, nimeshika. Na mama yenu ndiye aliyekuwa akiniamsha daku nilipoanza kufunga. Asubuhi yeye huyo kanisani.

Mamkubwa Rhoda: Na akikupigia kelele umalize uji.

Salama: Kelele tu? 😅

Mjomba Enoki: Neema, turudi kwako. Kwenye sanduku la bati kuna cheti cha ubatizo cha babu yako, na cha baba yako. Vina majina ya wazazi na pahali. Mizizi mingine ya kuandikwa hatuna, ni hiyo ya kanisa. Kesho saa mbili unusu tukutane kwa chifu, tuanzie hapo. Si saa tatu.

Neema: Sawa Mjomba. Na kabila?

Mjomba Enoki: Frere Town.

Mamkubwa Rhoda: Myao.

Neema: Jamani, nafasi yenyewe ni ya neno moja!

Mjomba Enoki: Rhoda, Myao hajui Kiyao? Karani atamcheka tena.

Mamkubwa Rhoda: Na acheke. Neema, ukitoka kwa chifu pitia kwangu. Yale maneno ya mwisho bado ninayo, sijui kama nayatamka sawa. Uje ukae uyashike kwa kichwa, si kunirekodi na simu.

Kevo: na mimi nakuja

Mamkubwa Rhoda: Wewe uje na mahamri. Na mbaazi.