Makoloni 6 ya Australia yaliunganaje kuwa nchi moja?

Wadau habari zenu, nasoma historia ya Australia nimekwama, kumbe zamani yalikuwa makoloni 6 ya Muingereza na kila moja lina serikali yake, sasa waliunganaje bila vita? Mwenye kujua anisaidie.

Jibu: Mkuu walipiga kura. Henry Parkes, kiongozi wa koloni la New South Wales, alitoa hotuba pale mji wa Tenterfield 1889 akitaka serikali moja, baadae ikaandikwa katiba wakaipeleka kwa wananchi. 1898 New South Wales kura za ndiyo hazikufika kiwango, 1899 wakarudia ikapita, Western Australia wakapiga mwishoni kabisa, 1900. Nchi ikaanza rasmi 1 Januari 1901.

Jibu: Naongezea hapo, mipaka ndo iliwachosha watu. Yani umepanda treni Sydney unaenda Melbourne, ukifika Albury mpakani unashuka na mabegi yako yote unapanda treni nyingine maana reli za koloni la Victoria, kule Melbourne, zilikuwa pana zaidi, halafu watu wa forodha nao wanakagua mizigo utadhani unaingia nchi ya kigeni. Ushuru ulifutwa baada ya muungano ila kubadilisha treni kuliendelea hadi 1962!

Jibu: Jamani tusiwasahau Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wenye ardhi yao. Katiba hiyohiyo ilisema wasihesabiwe kwenye idadi ya watu wa nchi, kipengele kikaja kufutwa kwa kura ya maoni 1967. Hilo linaniuma kila nikilisoma.

Muuliza swali: Asanteni sana, hiyo ya 1967 sikuijua kabisa.