Kunoa patasi na randa kwa anayeanza: jiwe la mafuta, jiwe la maji, bamba la almasi au msasa juu ya kioo?

Mwanagenzi:
Wakuu, salaam. Ninajifunza useremala kwa vifaa vya mkono. Nina patasi tatu (milimita 6, 12 na 25) na randa moja ya chuma, na zote ni butu. Nikigusa mbao ngumu inabidi niisukume patasi kwa uzito wa mwili mzima, na hapo ndipo ninapoogopa, maana ikichomoka sijui itaishia wapi. Nimeamua nijue kunoa kwanza, mengine yafuate.

Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake: jiwe la mafuta, jiwe la maji, bamba la almasi, msasa uliobandikwa juu ya kioo. Nina jiwe la zamani la mafuta, lakini lina bonde katikati. Pia naruhusiwa kutumia mashine ya mezani ya kunolea, ile yenye mawe mawili yanayozunguka. Nafasi yangu ni finyu na bomba la maji liko mbali. Mngechagua nini, na kwa nini?

Tezo:
Karibu, ndugu. Hofu yako ni ya haki. Patasi butu inadai nguvu, na nguvu nyingi ikikosa pa kwenda humrudia mwenyewe. Hata utakapoinoa, usiache mambo mawili: mbao ifungwe kwenye jiliwa au ibanwe imara mezani, na mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Mkono ulioshika mbao mbele ya patasi ndio unaokatwa.

Kwenye swali lako: njia zote nne zinanoa. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, yaani mgongo ulio bapa na ule mteremko wa mbele. Zikikutana pasipo mviringo wala pengo, chuma kinakata. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, angalia mgongo wa patasi zako. Ukiwa na mashimo ya kutu au mikwaruzo ya kiwandani karibu na ncha, hata jiwe laini kuliko yote halitakusaidia. Huna haja ya kusawazisha mgongo wote. Sentimita 2 au 3 za mwanzo zinatosha, na kazi hiyo ni ya mara moja tu.

Pembe: mteremko mkuu digrii 25, halafu pale ukingoni kabisa digrii 30. Ile nyongeza ndogo ya digrii 30 ndiyo utakayokuwa unainoa kila siku. Patasi ya kutoboa matundu kwa nyundo ipe 30 hadi 35, la sivyo ncha itameguka.

Mimi ni mtu wa jiwe la mafuta. Linakula chuma polepole, lakini umbo lake halibadiliki upesi, na linavumilia kukaa benchini bila kubembelezwa. Tumia mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia usiyaguse: yanaganda na kuziba jiwe.

Keekee:
Tezo, nakuheshimu, ila kwa chuma kigumu cha siku hizi jiwe la mafuta linamchosha mwanafunzi. Anasugua, haoni mabadiliko, anakata tamaa na kurudi kutumia patasi butu. Jiwe la maji linakula haraka kwa sababu chembe zake zinaachia na kufunua mpya. Namba (ikiwa kubwa, chembe ni laini zaidi) 1000 ya kutengeneza ukingo, halafu 6000 au 8000 ya kumalizia, na umemaliza kazi ndani ya dakika chache. Mng'ao utakaoupata hapo jiwe la kawaida la mafuta haliufikii kirahisi.

Timazi:
Kweli, lakini malizia maelezo, dada Keekee. Chembe zinazoachia ndizo zinazolifanya jiwe la maji libonyee haraka. Lazima ulisawazishe mara kwa mara, pengine kila unapokaa kunoa, na usiposawazisha mgongo wa patasi unafuata bonde la jiwe. Mengi huhitaji kulowekwa kabla ya kazi, tope lake linachafua kila kitu, na chuma kisipokaushwa na kupakwa mafuta kinashika kutu. Mwenzetu amesema nafasi ni ndogo na maji yako mbali. Ni jiwe zuri, ila si kwa mahali pale.

Mimi ningempeleka kwenye bamba la almasi. Ni chuma bapa kilichopachikwa chembe za almasi, kwa hiyo halibonyei. Linanoa chuma cha aina yoyote, na matone machache ya maji yenye sabuni yanatosha. Ubaya wake ni bei ya mwanzo, na kwamba watu huliharibu kwa kulikandamiza. Almasi haitaki nguvu. Ukikandamiza, chembe zinang'oka na hazirudi. Pia usishtuke likiwa jipya: linakwaruza kuliko namba yake, kisha linatulia baada ya matumizi.

Keekee:
Nakubali kuhusu maji. Lakini bamba la almasi peke yake linaacha ukingo wenye mikwaruzo. Amalizie kwa kipande cha ngozi kilichogundishwa kwenye ubao na kupakwa dawa ya kung'arishia, akivuta patasi kuelekea nyuma tu.

Fundi Randa:
Mbona mnamwingiza kijana kwenye gharama kabla hajajua hata kushika patasi? Msasa wa maji, ule mweusi, juu ya kioo kinene cha milimita 6 au zaidi. Anza na namba 220 kama ukingo umemeguka, nenda 400, 800, 1200, maliza na 2000. Kioo kiko bapa kuliko mawe mengi ya dukani, kwa hiyo hakuna cha kusawazisha. Lowesha kioo, lalisha msasa, maji yenyewe yataushika.

Sharti ni hili: kwenye msasa vuta tu, usisukume. Ukisukuma, ukingo unachana karatasi, na msasa ukijikunja kidogo mbele ya patasi unaufanya ukingo uwe mviringo. Na usichelewe kutupa karatasi iliyochoka. Hapo ndipo ubahili unapozaa makali mabovu. Nikiri kwamba kwa mtu anayenoa kila siku, msasa unakuja kugharimu kuliko jiwe. Kwa anayeanza ni shule nzuri sana.

Angalizo moja: namba za msasa na za mawe ya maji hazilingani. Msasa ulioandikwa P1000 una chembe za kama maikroni 18 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), jiwe la maji namba 1000 ni kama 14, yaani laini zaidi. Usilinganishe kwa kusoma namba tu.

Mwanagenzi:
Asanteni sana. Na ile mashine ya mezani? Kuna mtu kaniambia inamaliza kazi yote kwa dakika mbili, mawe ya mkono ni kupoteza muda.

Timazi:
Hapo naomba unisikilize vizuri, kwa sababu kosa la jiwe la mkono linarekebishika, la mashine wakati mwingine halirekebishiki.

Kwanza chuma. Patasi nyingi ni chuma cha kaboni kilichotiwa maji ili kiwe kigumu. Mota ya mashine ya kawaida kwenye umeme wa hezi 50 inazunguka kama mara 2,850 kwa dakika, na ncha nyembamba inapata moto haraka kuliko unavyodhani. Ukiona rangi ya majani makavu, joto limeshazidi digrii 200. Ikiwa bluu, limefika karibu na 300, na pale ugumu umeondoka. Patasi hiyo itanoleka, lakini makali yake yatakunjika kila ukigusa mbao, na dawa ni kuisaga hadi upite ile sehemu iliyoungua. Kwa hiyo unagusa kidogo, unachovya majini, unagusa tena. Shika patasi kwa vidole karibu na ncha. Vidole vikisikia joto, muda wa kuchovya umefika. Usingoje rangi.

Pili, wewe mwenyewe. Kabla ya kuwasha, kagua jiwe. Likiwa limeondolewa kwenye mashine, ligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi: zima linalia kwa sauti safi, lenye ufa linatoa sauti iliyokufa, na hilo halifungwi tena. Hakikisha kasi iliyoandikwa kwenye jiwe si ndogo kuliko ya mashine. Kile kiegemeo cha mbele, unapolaza patasi, kisogezwe hadi pengo lake na jiwe lisizidi milimita 3. Likiwa kubwa, patasi inavutwa ndani pamoja na vidole. Pengo la kile kikinga cha juu na jiwe lisizidi milimita 6. Rekebisha hayo mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa.

Ukiwasha, simama pembeni na uiache izunguke kwa dakika moja kabla ya kuigusa, kwa sababu jiwe bovu kwa kawaida hupasuka mwanzoni. Vaa miwani ya kinga hata kama mashine ina kioo chake. Glavu usivae: zikinaswa zinavuta mkono mzima. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, nywele zifungwe. Usisagie ubavuni mwa jiwe, na usipeleke alumini wala shaba hapo, zinaziba vinyweleo vya jiwe.

Tezo:
Naongeza: asije mtu akamwambia atumie grainda ya mkononi. Nimewaona wanaofunga patasi kwenye jiliwa na kuisaga kwa grainda. Hakuna pembe unayoweza kuishika hapo, na ile diski ya kukatia haikutengenezwa kusagia kwa ubavu, inapasuka.

Mashine ya mezani ni ya kurudisha mteremko wa digrii 25 ukingo ukimeguka. Zile digrii 30 za mwisho ni za jiwe na mkono.

Mwanagenzi:
Nimeelewa. Sasa nitajuaje kwamba nimefika, niende namba inayofuata?

Fundi Randa:
Swali hili ndilo lenye uzito kuliko aina ya jiwe. Unaponoa mteremko, chuma kikifika ukingoni kabisa kinajikunja kidogo upande wa mgongo. Pitisha kidole mgongoni kuelekea nje, ukitoka kwenye chuma kwenda hewani, kamwe usipitishe kufuata urefu wa ukingo. Utasikia kimkwaruzo. Kikiwepo kuanzia kona moja hadi nyingine, umefika. Kikikosekana mahali, hapo hujafika, endelea na namba ileile. Wengi huhamia jiwe laini mapema, wakawa wanang'arisha mteremko ambao haujafika ukingoni. Unang'aa na haukati.

Baada ya namba ya mwisho, lalisha mgongo bapa kabisa kwenye jiwe na uuvute mara chache kuondoa kile kikunjo. Kisha jaribu kwenye ncha ya mbao laini, pale nyuzi zinapokatwa. Patasi kali inaacha uso laini, butu inazivunja na kuacha unga. Usijaribie kwenye kidole gumba.

Mwanagenzi:
Basi nimeamua hivi: naanza na msasa juu ya kioo, mgongo kwanza, na lile jiwe la zamani silitupi. Bamba la almasi litafuata nikishazoea. Bonde la jiwe linaondoka?

Tezo:
Linaondoka. Chukua kioo hichohicho, weka msasa mkali wa maji, namba 80 au 100, mimina maji, chora mistari ya penseli juu ya uso wa jiwe, usugue kwa kuzungusha. Mistari ikifutika yote, jiwe limekaa sawa. Ni kazi ya mikono na itakula karatasi kadhaa. Kama jiwe limeganda mafuta ya zamani, lioshe kwanza kwa mafuta ya taa, nje penye hewa na mbali na moto, na matambara uliyotumia yatandaze yakauke, usiyarundike.

Keekee:
Na ukifika kwenye kisu cha randa, baada ya kumaliza kandamiza kidogo kona moja, vuta mara chache, kisha nyingine, ili kona zisichore mistari kwenye mbao. Patasi usiifanyie hivyo. Yenyewe inataka kona zake kamili.

Mwanagenzi:
Nimepata, dada. Naanza na ile ya milimita 25, nadhani pana itakuwa rahisi kuilalisha.

Tezo:
Ni kweli, na ile ya 6 iache mwisho. Ni nyembamba, inayumba kwenye jiwe, na ndiyo inayoungua kwanza kwenye mashine.